Jibu: DRM inavuma tu, taa za Dream zote nyekundu

Salama mkuu. Unasema redio yako ya ham (ya mawasiliano ya wapenzi wa redio) inashika DRM, yaani matangazo ya redio ya kidijitali, na unasikia ule mvumo mzito, lakini taa zote za Dream, programu ya kompyuta ya kufungua DRM, ni nyekundu, yaani haijaweza kuisoma. Kabla hujagusa antena, angalia filta. Filta ya SSB (mtindo wa sauti wa redio za ham) inapitisha kama 2.4 kHz tu, wakati DRM ya masafa mafupi kwa kawaida ina upana wa 10 kHz. Data nyingi inakatwa humo humo redioni, na hakuna programu itakayoirudisha.

Mimi nilichukua IF (masafa ya kati ya ndani ya redio) ya 455 kHz kabla haijafika kwenye filta nyembamba, nikaishusha hadi 12 kHz kwa sakiti ndogo, kisha nikaiingiza kwenye kompyuta kupitia tundu la LINE IN. La maiki liache kabisa. Kama redio bado ina waranti usiifungue; tafuta SDR ya USB (redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta) inayofika HF, yaani masafa mafupi.

Zima NB na NR (vipunguza kelele vya redio), zote mbili zinaharibu mawimbi haya. Taa zikiwa kijani na sauti hamna, angalia kama faad2 (maktaba ya programu ya kufungua sauti ya AAC) ipo. Kwa vituo vya xHE-AAC (aina mpya zaidi ya AAC), hiyo haitoshi.