Re: Upepo mkali, niende kutazama ndege wa baharini au nisubiri utulie?

Mkuu, usisubiri. Bahari ikiwa shwari ndege wa kilindini hukaa huko huko mbali, nawe utabaki kuhesabu shakwe. Ila ukali wa upepo si hoja, hoja ni unatoka wapi. Ukivuma kutoka baharini kuja nchi kavu, hata kwa mshazari, unawasukuma karibu na ufuo. Ukitoka bara, hata uwe wa kung'oa miti, mimi huendelea kulala.

Tafuta rasi. Ndege aliyesukumwa ndani ya ghuba hana budi kuizunguka ncha ya nchi ili arudi kilindini, na hapo ndipo atakapokupitia. Wahi alfajiri, hasa kama usiku kucha kulikuwa na dhoruba.

Kuhusu darubini ya kukuza mara 60 uliyoulizia: kwenye upepo itakuonyesha mtetemeko tu. Mimi sivuki 30. Keti chini, fupisha miguu ya stendi, jikinge nyuma ya ukuta au jiwe kubwa. Usikae usawa wa maji, mawimbi yatawaficha. Panda kidogo, lakini mbali na ukingo, maana mawe yaliyoloa hayana huruma. Kioo kikipata chumvi usikisugue na shati! Kimwagie maji safi kidogo kwanza.

Rangi sahau, kwa umbali ule wote ni weusi. Soma mwendo. Wale wenye mabawa marefu yaliyonyooka, wanaopanda juu kisha kujilaza ubavu na kuteleza hadi nyuma ya wimbi bila kupiga bawa, wanatumia tofauti ya upepo: karibu na maji huwa mpole kwa sababu ya msuguano, juu kidogo una kasi. Albatrosi, wale ndege wakubwa wa bahari kuu, husafiri hivyo hivyo. Petreli wadogo, karibu saizi ya mbayuwayu, hupapatika huku miguu ikigusa maji. Na ukiona buabua anafukuzwa kwa fujo mpaka anaachia samaki wake, huyo jambazi yaelekea ni skua. Kwangu hao ndio burudani ya siku.

Mkiwa wawili, kubalianeni alama mapema: boya, mwamba, meli iliyotia nanga. "Kulia kwa boya, anaelekea kushoto, chini ya upeo" inaeleweka. "Yule paleee!" haijawahi kumsaidia mtu.