Antivirasi siyo itakayoiokoa Dell yako

Ndugu yetu aliyeuliza kama anunue antivirasi (programu ya kuzuia virusi vya kompyuta) ya kulipia au aitupe ile kompyuta yake ya Dell ya 2012 yenye Windows 7 na RAM ya GB 4: usitupe, na hizo pesa za antivirasi zishike kwanza. Ninayo pacha wake hapa Majengo, Mombasa. Imekaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kutarizi ambacho mama watoto anaamini kinazuia hewa ya chumvi (hakizuii, lakini nani atamwambia), na mwaka jana ilinitoa jasho.

Kwangu maradhi yaliingia kwa flashi. Binti yangu alikwenda saiba kuprinti kazi ya shule, akarudi, akaichomeka. Kesho yake folda zote za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato, zile zenye kishale kidogo pembeni. Ukiibofya moja inafunguka kama kawaida, na hapo ndipo ujanja ulipo: njia ya mkato inaamsha kirusi kwanza, halafu inakufungulia folda yako ili usishuku lolote. Kila flashi iliyochomekwa baada ya hapo, ya jirani, ya ustadhi wa madrasa, iliondoka na zawadi. Aibu niliyoiona wakati wa kuwapigia simu mmoja mmoja sitaki kuikumbuka.

Mafaili yenyewe hayafutwi, yanafichwa tu. Nilifungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ndiyo herufi ya flashi kwangu, yako angalia ni ipi. Yakatokea yote. Lakini kuyafichua si kuitibu kompyuta, kwa hivyo nikampelekea fundi mmoja pale Mwembe Tayari, akanipigia Windows upya. Wiki tatu haziishi, kishale kile kimerudi.

Safari hii nikakaa nayo mwenyewe. Windows aliyoniwekea ilikuwa ya kraki, yaani isiyo na leseni halali, na ili kraki ikubali alizima ulinzi wote pamoja na masasisho, asiviwashe tena. La pili lilikuwa kosa letu wenyewe. Nyumba nzima tulikuwa tunatumia akaunti moja, ya msimamizi: mimi, binti, mama watoto na mahesabu yake ya vitambaa, na mpwa wangu ambaye akiona neno “pakua” mkono unamwasha. Programu yoyote ikifunguliwa katika akaunti hiyo inaweza kupata ruhusa karibu zote alizonazo mwenye kompyuta. Sasa hapo antivirasi ya kulipia ingefanya nini?

Kwa hivyo jambo la kwanza, hata leo jioni kabla hujagusa kingine, fungua akaunti ya kawaida kwa kila mtu, na wewe mwenyewe ukiwemo. Ile ya msimamizi iwe na nywila yake, uingie tu wakati wa kuweka programu. Ni bure na inachukua dakika kumi.

Halafu ikubali habari ya Windows 7. Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama, yale masasisho ya kuziba matundu, tarehe 14 Januari 2020, na kivinjari cha Chrome kwa Windows 7 kilikomea kwenye toleo la 109. Hili si suala la kutisha watu. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, ilipozuka Mei 2017, ikafunga hata kompyuta za hospitali Uingereza, kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Nyingi zilizoumia zilikuwa Windows 7 ambazo hazikukiweka. Tundu jipya likipatikana leo, wewe hicho kiraka hutakipata kabisa.

Windows 10 itaingia kwenye mashine yako, lakini nayo ilifika mwisho 14 Oktoba 2025, na nyongeza ya viraka kwa watumiaji wa nyumbani inaishia Oktoba 2026. Windows 11 itakukataa: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa za Intel za umri huo haizitambui.

Mimi nilihamia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, lile toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Nilitoa diski ya zamani nikaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, na wallahi nilidhani nimenunua kompyuta nyingine. Unaweza kuijaribu Mint ikiwa bado ndani ya flashi ya GB 8 bila kufuta chochote, uone kama Wi-Fi na printa yako zinatambulika. Kasoro zipo. Barua za Word zikifunguliwa kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, mistari mingine inahama, kwa hiyo binti anageuza PDF kabla ya kwenda kuprinti. Na usidanganyike kwamba Linux haishikwi na virusi. Masasisho ni lazima vilevile, na kivinjari kikidanganywa na ukurasa wa uongo unaoomba nywila yako, Linux haitakusaidia.

Flashi haiendi saiba tena. Faili linatumwa kwa WhatsApp au barua pepe, wanaprinti huko huko.

Picha za harusi na vyeti nimeviweka kwenye diski ya nje, na diski hiyo naichomoa nikimaliza kunakili. Ikiachwa imechomekwa, kirusi cha kufunga mafaili kitaifunga pamoja na kompyuta, na hapo umeweka akiba ya nini. Ruta nayo, badilisha nywila iliyokuja nayo kwenye kibandiko na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN bila nywila. Mambo ya benki nayafanya kwa simu yangu pekee, maana kompyuta ya sebuleni inaguswa na kila mgeni.

Mpwa wangu bado hajanisamehe. “Mjomba, nipe basi hiyo nywila niweke gemu.” Namwambia anitajie jina, naitafuta kwenye duka la programu la Mint mwenyewe, kama haimo, akacheze mpira.

Ukifika hatua ya kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, gongagonga F12 mara tu nembo ya Dell inapotokea. Ukiona kioo cheusi, niandikie umesoma maneno gani.