Maswali yenu kuhusu histoni na protini zinazozisindikiza

Kitabu chetu kinasema histoni zina chaji chanya na DNA ina chaji hasi, kwa hiyo zinavutana zenyewe. Sasa protini saidizi ni za nini?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro*

Kitabu kiko sahihi, na tatizo linaanzia hapo hapo. Histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushwa juu yake, zimejaa laisini na ajinini, asidi amino zenye chaji chanya; DNA imejaa fosfeti zenye chaji hasi. Ukizichanganya kwenye chumvi ya kiwango cha kawaida cha seli, zinanasana ovyo papo hapo: histoni moja inashika nyuzi mbili za DNA, nyingine inakaa pasipo pake, na unachopata ni mashapo meupe badala ya nukleosomu, yaani DNA iliyozungushwa sawasawa kwenye fungu la histoni. Mvuto ni mkali kiasi kwamba kilichonasa vibaya hakibanduki kirahisi.

Ron Laskey na wenzake walilionyesha hili mwaka 1978 kwa mayai ya chura Xenopus laevis. Ndani ya mayai hayo kuna protini yenye chaji hasi nyingi, nukleoplasmini. Inazishika histoni kabla hazijakutana na DNA, halafu inaziachia kidogo kidogo, na nukleosomu zinajipanga sawasawa. Chura huyo anaihitaji kweli protini hiyo: yai likisharutubishwa hugawanyika haraka haraka mara 12 hadi kufika seli kama 4,000, likitumia histoni lililojiwekea akiba. Akiba ya namna hiyo haiwezi kuachwa ikizagaa.

Kwa hiyo usizifikirie protini hizi, ambazo wanabiolojia huziita chaperoni, kama gundi. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia.

Histoni ikishatengenezwa, inapitia kwa nani hadi ifike kwenye DNA?
*Mwalimu wa baiolojia, Kisumu*

Mwalimu, tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Nukleosomu moja ni jozi za besi 147 zilizozungushwa mara 1.65 hivi kwenye histoni nane: H2A, H2B, H3 na H4, kila aina mbili. Seli ya binadamu ina nukleosomu zipatazo milioni 30, na DNA inaponakiliwa, kwa muda wa saa 8 hivi, zinatakiwa nyingine milioni 30. Hiyo ni karibu 1,000 kila sekunde.

H3 na H4 husafiri zikiwa jozi. Nje ya kiini chaperoni iitwayo NASP huilinda jozi hiyo isisagwe, na kimeng'enya HAT1 huweka alama za asetili, vikundi vidogo vya kikemia, kwenye laisini ya 5 na ya 12 ya H4. Kisha chaperoni nyingine, ASF1, huipokea na kuingia nayo kiinini kwa msaada wa impotini 4, protini inayovusha nyingine kuingia kiinini. Waonyeshe wanafunzi jinsi ASF1 inavyoshika: inaufunika upande ule ule wa H3 ambao H3 ya pili ingeushikia. Maadamu ASF1 ipo, jozi mbili haziwezi kuungana zikawa histoni nne.

ASF1 huikabidhi jozi kwa chaperoni CAF-1, ambayo Susan Smith na Bruce Stillman waliieleza mwaka 1989. CAF-1 ina vipande vitatu, nayo hujishikiza kwenye PCNA, pete iliyovishwa kwenye DNA inayonakiliwa. Ndiyo maana histoni mpya hutua pale pale DNA mpya inapotokea. Hapo jozi mbili za H3 na H4 huungana, na baadaye jozi mbili za H2A na H2B huletwa na chaperoni kama NAP1 na FACT. Mpangilio huu hauruki hatua: H3 na H4 ndizo zinazokamata sehemu ya katikati ya DNA, na zisipokuwepo H2A na H2B hazina pa kutulia.

Nje ya unakilishaji kuna njia nyingine. Chaperoni HIRA huweka H3.3, aina nyingine ya H3, kwenye jeni zinazosomwa; DAXX, ikisaidiana na protini ATRX, huiweka kwenye telomea, ncha za kromosomu; na HJURP huipeleka CENP-A, nayo aina ya H3, kwenye sentromea, mahali kromosomu inaposhikwa wakati wa mgawanyiko. Hii ya mwisho haitaki makosa: CENP-A ikitapakaa kwingine, kromosomu inaweza kushikwa mahali pasipofaa wakati wa mgawanyiko na kugawanywa vibaya.

Chaperoni hizi zinatumia ATP?
*Msomaji, Bujumbura*

Hapana, hazitumii nishati hiyo ya seli. Kila makabidhiano huelekea kwenye mshiko ulio imara zaidi, na wa mwisho ni DNA yenyewe. Zinazokula ATP ni mashine kama SWI/SNF, ambazo husogeza au kung'oa nukleosomu zilizokwisha kukaa.

Naunda nukleosomu kwa histoni safi, DNA na chumvi, bila chaperoni. Kila mara napata mashapo. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam*

Katika njia yako, chumvi ndiyo inayoshika nafasi ya chaperoni. Kwenye molari 2 za NaCl histoni nane hukaa pamoja bila kuigusa DNA. Chumvi ikishuka polepole, H3 na H4 hushika kwanza, kisha H2A na H2B. Mara nyingi kosa ni kumwaga DNA iliyo kwenye maji juu ya histoni: chumvi inazimuliwa ghafla na kila kitu kinanasana. Ongeza chumvi kwenye DNA kwanza, na hesabu kiwango *baada* ya kuchanganya.

Kosa la pili ni histoni kuzidi. Histoni nane zina kilodaltoni 108 hivi, DNA ya jozi 147 ina 91 hivi, kwa hiyo mikrogramu 10 za DNA zinataka karibu mikrogramu 12 za histoni. Usikiamini sana kipimo cha protini kwa mwanga wa nanomita 280: histoni hizi hazina triptofani, asidi amino inayofyonza sana mwanga huo, mwanga unaofyonzwa ni kidogo, na uchafu kidogo wa DNA unakipotosha. Jaribu uwiano wa fungu la histoni nane kwa kipande cha DNA wa 0.8, 0.9, 1.0, 1.1 na 1.2 kwa ujazo mdogo kwanza.

Shusha chumvi usiku kucha kwa dayalisisi (kuiacha chumvi ipenye utando polepole), nyuzi 4, hadi molari 0.25 au chini yake. Halafu pitisha sampuli kwenye jeli ya akrilamaidi ya asilimia 5 isiyo na SDS, sabuni inayotawanya protini. DNA tupu hukimbia mbele, nukleosomu hubaki nyuma yake, na kinachokwama kwenye kishimo cha juu ni mashapo. Ukiona mistari miwili ya nukleosomu, huenda DNA imekaa kwa mikao miwili. Saa moja kwenye nyuzi 37 mara nyingi huirekebisha.

Ukiwa na NAP1 unaweza kufanya kazi kwenye chumvi ya kawaida, ila changanya NAP1 na histoni kwanza, DNA ije mwisho.

Nimesoma kwamba hitilafu ya ATRX huleta alfathalasemia. Huku Pwani alfathalasemia ni nyingi. Ndiyo hiyo?
*Mama wa watoto wawili, Kilifi*

Hapana, mama. Ile ya kawaida Pwani hutokana na kupotea kwa jeni moja au mbili za alfaglobini, sehemu ya hemoglobini ya damu, kwenye kromosomu ya 16. Wengi walio nayo hawaumwi, na inawakinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ya ATRX ni nadra sana. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo hujitokeza zaidi kwa wavulana: jeni za alfaglobini zipo zote lakini hazisomwi ipasavyo, na mtoto huchelewa sana kukua kiakili. Mtoto anayekua, anayeongea na anayejifunza kama wenzake hana sababu ya kupimwa ATRX kwa ajili ya alfathalasemia peke yake.