Je, ni kweli Papa alimsimamisha mfalme pekupeku langoni siku tatu?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Katika jumuiya yetu kulizuka ubishi baada ya sala. Ndugu mmoja alisema kwamba zamani Papa aliweza kumvua mfalme ufalme wake, na kwamba kuna mfalme aliyeachwa asimame kwenye theluji siku tatu bila viatu ndipo akasamehewa. Naomba kujua: ni kweli? Kama ni kweli, padri anawezaje kumcheleweshea maondoleo mtu anayetubu? Na je, hata leo askofu anaweza kuwaambia wananchi wasimtii kiongozi wa nchi aliyetengwa na Kanisa?

Jibu: Milele na milele, amina.

Kisa ni cha kweli. Mfalme ni Henry IV wa Ujerumani, Papa ni Gregory VII, mahali ni ngome ya Canossa kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa Januari 1077. Shahidi wetu mkuu ni Papa mwenyewe, maana aliwaandikia wakuu wa Ujerumani barua kuwaeleza alichofanya. Anasema mfalme alisimama mbele ya lango siku tatu, amevua alama zote za kifalme, hana viatu, amevaa vazi la sufu, analia na kuomba huruma. Theluji hakuitaja, ingawa baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kiasi kwamba mto Rhine uliganda. Hapo ndugu yenu hajakosea sana.

Lakini ubishi wenu hautaisha kama hamjui walichogombania. Waligombania pete na bakora, yaani fimbo ya kichungaji ya askofu.

Askofu wa Ujerumani katika karne ya 11 alikuwa watu wawili ndani ya kanzu moja. Alikuwa mchungaji wa roho, na papo hapo alikuwa bwana wa ardhi: ana ngome, masoko, ushuru, mahakama, pengine hata haki ya kutengeneza sarafu. Vyote hivyo vilitoka kwa mfalme, na mfalme alidai malipo. Orodha ya Kaisari Otto II, ya karibu mwaka 981, inamtaka askofu mkuu wa Mainz alete askari 100 wa farasi wenye deraya, wa Köln 100, na askofu wa Augsburg 100 vilevile. Mfalme alipenda kuwapa maaskofu ardhi kwa sababu moja nyepesi: mtawala wa kawaida akifa, mwanawe anarithi na ardhi haionekani tena. Askofu hana mtoto wa kumrithi kihalali. Akifa, mfalme anachagua mwingine anayemtaka.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Askofu akifariki, pete na bakora yake vilipelekwa kwa mfalme. Mfalme akishateua, mteule aliweka mikono yake kati ya mikono ya mfalme na kuapa utii, kisha mfalme akamkabidhi bakora, na tangu enzi za Henry III pete pia, huku akisema, "Pokea kanisa." Baada ya hapo ndipo maaskofu wenzake walimweka wakfu. Tazama mpangilio huo. Mtu alifika altareni akiwa ameshapewa jimbo na mlei, yaani mtu asiye na daraja takatifu, kwa ishara zilezile zinazosema kwamba yeye ni mchungaji wa kundi na mchumba wa Kanisa. Na panapokuwa na cheo chenye mashamba hapakosi mnunuzi, kwa hiyo usimoni, yaani kununua vyeo vya Kanisa, ulistawi: fedha ilitangulia, daraja ikafuata.

Tusimfanye mfalme kuwa mwizi tu, hata hivyo. Yeye naye alipakwa mafuta matakatifu siku ya kutawazwa, na watu wengi walimwona ni zaidi ya mlei wa kawaida. Mwaka 1046, watu watatu walipokuwa wakidai kiti cha Mtakatifu Petro kwa wakati mmoja, Henry III, baba yake huyu wa Canossa, ndiye aliyeitisha sinodi (mkutano wa maaskofu) ya Sutri, wote watatu wakaondolewa, akaweka Papa Mjerumani aliyeitwa Clement II. Roma ilisafishwa na mkono wa mfalme. Kizazi kilicholelewa na usafi huo ndicho kilichouliza: kama mfalme anaweza kumwondoa Papa mbaya, nani atamzuia kumwondoa Papa mwema? Mwaka 1059 Nicholas II akaagiza kwamba uchaguzi wa Papa uongozwe na makardinali maaskofu. Mwaka 1073 akachaguliwa Gregory VII, na katika daftari lake la mwaka 1075 kuna sentensi 27 fupi juu ya mamlaka ya Papa. Ya 12 inasema anaweza kuwaondoa makaisari. Ya 27 inasema anaweza kuwafungua raia na kiapo chao cha utii kwa watawala waovu.

Hiyo ya 27 ndiyo ufunguo wa swali lenu la tatu, nitairudia.

Moto uliwashwa na jimbo la Milano. Mwaka 1075 Henry alimweka pale askofu mkuu wake, Tedald, bila kumjali Papa. Papa akamwandikia barua kali mwezi Desemba. Tarehe 24 Januari 1076 mfalme akakutana na maaskofu wake mjini Worms, wakamkana Papa, na barua ya mfalme ikamwita kwa jina lake la zamani, Hildebrand, si Papa tena bali mmonaki wa uongo, ikimwamuru ashuke kitini. Jibu lilikuja katika sinodi ya Kwaresima mwezi Februari, kwa namna ambayo kila padri angepaswa kuisoma angalau mara moja: hukumu yote imeandikwa kama sala kwa Mtakatifu Petro. Ndani ya sala hiyo Papa anamzuia Henry asitawale, anawafungua raia na kiapo chao, na anamfunga kwa kifungo cha kutengwa, akitegemea maneno ya Bwana kwa Petro juu ya kufunga na kufungua (Mt. 16:19).

Kwa nini ilimuuma mfalme? Papa hakuwa na jeshi la kufika Ujerumani. Ilimuuma kwa sababu utii wa wakati ule ulisimama juu ya kiapo, na kiapo huapwa kwa Mungu, mkono ukiwa juu ya Injili au masalia ya watakatifu. Kitu kitakatifu kiko chini ya mahakama ya Kanisa. Kiapo kikifunguliwa, mkuu wa Saksonia aliyekuwa anatafuta sababu ya kuasi anaipata ikiwa imebarikiwa. Na Saksonia ilikuwa imeasi tangu 1073. Oktoba 1076 wakuu walikutana Tribur wakaweka sharti: mfalme awe amefunguliwa kabla ya kutimia mwaka mmoja, la sivyo hawamtambui. Wakamwalika Papa aje Augsburg tarehe 2 Februari 1077 kuamua kesi.

Henry akafanya hesabu. Akisubiri Augsburg atahukumiwa mbele ya maadui zake. Akimkuta Papa njiani, peke yake, akiwa mtubuji, mambo yatakuwa mengine. Akavuka milima ya Alpi kupitia Mont Cenis katikati ya baridi, pamoja na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo, akafika Canossa, ngome ya Matilda wa Toscana alimokuwa amejihifadhi Papa.

Sasa lile swali la pili, ambalo ndilo gumu zaidi. Sisi tumezoea kwamba muungamaji anaondolewa dhambi kwanza, kisha anaenda kutimiza malipizi. Kwa dhambi ya hadharani, nidhamu ya zamani iliweka malipizi mbele. Watubuji wa hadharani walitolewa nje ya kanisa mwanzoni mwa Kwaresima wakapokewa tena Alhamisi Kuu, yaani zaidi ya siku 40. Siku tatu, kwa kipimo hicho, ni chache. Pia kutengwa ni adhabu ya kisheria, na anayeiondoa anatenda kama hakimu: lazima apokee ahadi kwanza. Henry alitoa ahadi ya kiapo kwamba atakubali hukumu au upatanisho wa Papa juu ya malalamiko ya wakuu, na kwamba Papa akitaka kuvuka milima atapita salama.

Hata hivyo sitaki kumpamba Gregory kupita kiasi. Yeye mwenyewe anakiri katika barua ile kwamba waliokuwepo walishangaa ugumu wa moyo wake, na wengine walipaza sauti kwamba huo si ukali wa kitume bali ni ukatili wa kidhalimu. Kuandika maneno hayo dhidi yako mwenyewe, kwenye barua rasmi, si jambo dogo. Matilda alimsihi, na Abate Hugh wa Cluny, baba wa ubatizo wa Henry, alimsihi pia. Tarehe 28 Januari akamfungua.

Kisiasa lilikuwa kosa, na nadhani alijua. Wakuu wa Ujerumani walikuwa wanamngoja Augsburg, naye amempokea adui yao kabla kesi haijasikilizwa. Lakini padri aliyeona mtubuji langoni hakuwa na njia nyingine, na siku ile padri alimshinda mwanasiasa. Wakuu hawakungoja: tarehe 15 Machi 1077, huko Forchheim, walimchagua Rudolf wa Rheinfelden awe mfalme.

Ubaya ulianzia kwenye jambo moja ambalo halikusemwa wazi Canossa. Je, aliyefunguliwa amerudishiwa Ekaristi tu, au amerudishiwa na kiti pia? Henry alielewa vyote. Mwaka 1080, Papa alipomtenga mara ya pili, alieleza kwamba alikuwa amemrudisha katika ushirika wa Kanisa tu, si katika ufalme. Safari hii silaha ilikuwa imechakaa. Rudolf alikufa vitani mwaka huohuo, Henry akamweka papa wake mwenyewe, Guibert wa Ravenna, akaingia Roma mwaka 1084 na kuvishwa taji la ukaisari na huyo Guibert. Wanormani, wapiganaji waliotawala kusini mwa Italia, waliokuja kumwokoa Gregory waliupora mji, wenyeji wakamchukia aliyewaleta, ikambidi aondoke nao. Alifariki Salerno, uhamishoni, 25 Mei 1085, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu yake. Henry naye alikufa 1106 akiwa ametengwa. Jeneza lake lilikaa Speyer katika kikanisa ambacho hakijawekwa wakfu, hadi 1111 alipozikwa kwa heshima kanisani.

Suluhu ilikuja tarehe 23 Septemba 1122, tena mjini Worms, kati ya Papa Calixtus II na Henry V, mwana wa Henry IV. Kilichofanyika ni kuwatenganisha wale watu wawili waliokuwa ndani ya kanzu moja. Mfalme aliacha pete na bakora, akakubali uchaguzi huru wa askofu. Papa alikubali kwamba Ujerumani uchaguzi ufanyike mbele ya mfalme, bila fedha wala nguvu, na kwamba mfalme atoe ardhi na haki zake kwa ishara nyingine, fimbo ya kifalme. Kwa Ujerumani hilo lilitangulia kuwekwa wakfu; kwa Italia na Burgundy lilifuata, ndani ya miezi sita. Tofauti hiyo ndogo ina uzito wake: anayepokea ardhi kabla ya daraja bado anaweza kukataliwa na mfalme, anayepokea baada ya daraja hawezi. Uingereza walikuwa wamefikia mapatano ya jinsi hiyo mwaka 1107 kwa jitihada za Mtakatifu Anselm.

Haikuwa mwisho wa ugomvi, wala si kila Papa aliyefuata alikuwa na kiasi. Boniface VIII, mwaka 1302, aliandika kwamba panga zote mbili, la kiroho na la kidunia, ziko katika uwezo wa Kanisa. Mwaka uliofuata watu wa mfalme wa Ufaransa walimkamata nyumbani kwake Anagni, na mwezi mmoja baadaye akafariki.

Sasa kwa leo. Askofu hawezi kuwafungua wananchi na utii kwa serikali, kwa sababu kifungo kilichofunguliwa na Gregory hakipo tena. Wewe humtii rais kwa kiapo ulichomwapia yeye binafsi juu ya Injili. Unatii katiba na sheria. Kiongozi Mkatoliki aliyetengwa anazuiwa sakramenti na huduma ndani ya Kanisa, lakini saini yake serikalini inabaki halali kama jana. Askofu anaweza kusema sheria fulani ni mbaya, tena kwa sauti kubwa, na dhamiri inaweza kukukataza kutenda uovu hata ukiamriwa. Hilo ni jambo jingine na kumvua mtu madaraka. Na mlango umefungwa pande zote mbili: Sheria za Kanisa, kanuni ya 285, zinawakataza mapadri na maaskofu kushika vyeo vya utawala wa serikali, na kanuni ya 377 inasema kuanzia sasa serikali hazitapewa haki ya kuchagua wala kuteua maaskofu.

Mkipata nafasi ya kuhudhuria kuwekwa wakfu kwa askofu, tazameni kinachofuata baada ya mafuta ya krisma kichwani. Anakabidhiwa kitabu cha Injili, kisha pete, kisha mitra, na mwisho bakora. Vyote vinatoka mkononi mwa askofu anayemweka wakfu. Mgeni rasmi wa serikali, kama yupo, wakati huo ameketi kwenye kiti chake. Zamu yake ni ya salamu, baada ya Komunyo.