Mungu Akinyamaza, Ushike Lipi?

Ukiwa dhambini unajua la kufanya: utubu. Ukiwa na adui unajua: umwombee. Kinachomchosha mwamini ni pale anapokuwa na njia mbili, zote halali, ameomba, amefunga, amekesha, na bado Mungu hasemi aende wapi.

Mimi nilipewa nafasi ya kazi mbali na nyumbani wakati mama yangu yuko kitandani. Mshahara ule ungesaidia matibabu yake; kuondoka nako kulikuwa kuwaachia ndugu zangu kazi yote ya kumwogesha, kumlisha na kumgeuza usiku. Niliomba mpaka maneno yakaniishia. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi akaniambia Bwana amemwonyesha mimi nikiwa safarini. Haukupita muda, mwombaji mwingine ninayemheshimu sana akasema Bwana ameniagiza nitulie. Wote wawili walinipenda, wala siamini kwamba yeyote kati yao alikusudia kunidanganya. Lakini jumbe mbili zinazopingana haziwezi zote kuwa za Bwana, na tangu hapo naamini kwa dhati kwamba ujumbe wa mtu mwingine haupaswi kubeba uamuzi wa maisha yako peke yake. Upokee kwa heshima, uupime kwa Neno, usiukimbilie.

Aliyenisaidia alikuwa mzee mmoja wa kanisa ambaye hakuwa na ujumbe wowote. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yale ambayo tayari unajua Mungu anayataka, umeyafanya?" Kisha akafungua Isaya 50:10, panaposema juu ya mtu amchaye Bwana, tena mtiifu, "aendaye katika giza, wala hana nuru", na kwamba huyo "alitumainie jina la Bwana". Nilikuwa nimesoma Isaya mara nyingi bila kuliona hilo. Mtu huyu anamcha Mungu, na yumo gizani. Kumbe giza si lazima liwe adhabu, wala dalili kwamba umeomba vibaya. Mstari wa 11 ndio unaoonya: wapo wanaowasha moto wao wenyewe na kutembea kwa mwanga wake, na mwisho wao ni huzuni.

Mfalme Sauli ni mfano wa hilo. Katika 1 Samweli 28 alimwuliza Bwana, na Bwana hakumjibu kwa ndoto, wala kwa Urimu, kile kifaa cha kuhani cha kumwuliza Mungu, wala kwa manabii. Alikuwa ameshayapuuza maagizo yaliyokuwa wazi kabisa, na sasa kwa hofu ya Wafilisti akaenda usiku kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi kule Endori. Alitaka jibu, lolote lile, kuliko alivyomtaka Mungu. Hofu ya namna hiyo ipo hata leo, na ndiyo inayotufanya tuhame kutoka maombezi haya kwenda yale tukisaka mtu atakayetamka tunalotaka kusikia.

Sasa mlinganishe na Paulo katika Matendo 16. Yeye, Sila na Timotheo walikatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, yaani jimbo la Kirumi la jina hilo, si bara zima. Wakajaribu kwenda Bithinia. Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa. "Hapana" mbili mfululizo, na Luka, mwandishi wa Matendo, hatuelezi zilikujaje. Nadhani ni rehema kwetu kwamba hakueleza, maana tungezigeuza kuwa kanuni. Hawakuketi kulalamika. Waliendelea kushuka mpaka Troa, na huko ndiko Paulo alikoona maono ya mtu wa Makedonia. Hata baada ya maono, Luka anasema "tukiona hakika": walitafakari pamoja, wakaafikiana, wakaondoka.

Nami nikaanza na yaliyo wazi. Kuwaheshimu wazazi hakuhitaji maono. Kusema kweli hakuhitaji maono, kwa hiyo nikawaeleza walionipa kazi hali halisi ya nyumbani badala ya kuwazungusha. Nilikuwa na kinyongo na kaka yangu juu ya gharama za hospitali. Nikamfuata tukayamaliza, na hapo tukaweza kukaa kama ndugu na kupanga nani anaweza nini. Tulipomaliza kupanga ilionekana nahitajika nyumbani. Sikuota ndoto wala kusikia sauti. Nilisema tu, "Bwana, kwa kadiri ninavyoona, hili ndilo la upendo. Kama silo, nizuie." Kisha nikabaki.

Je, nilichagua sawasawa? Sijawahi kuonyeshwa. Ninachojua ni kwamba nilimhudumia mama yangu, na Mungu alikuwemo ndani ya zile siku ndefu, hata zile za kukosa fedha ya dawa.

Kwa hiyo kama wewe umeshaamua kwa moyo safi na sasa mambo yamekuwa magumu, usijihukumu kila usiku ukidhani ulikosea njia. Paulo na Sila walifika Filipi, mji wa Makedonia, kwa wito wa wazi; mwanamke aitwaye Lidia akaamini, na baadaye wao wenyewe wakapigwa kwa fimbo na kufungwa miguu kwa mkatale. Walikuwa mahali palepale Mungu alipowatuma.