Re: Mionzi ya simu na ya eksirei ni kitu kimoja?
Mkuu umeuliza kama mionzi ya simu na ya eksirei ni kitu kimoja. Familia ni moja, yote ni mawimbi ya sumakuumeme na yote yanakimbia km 300,000 kwa sekunde, tofauti ni urefu wa wimbi na nguvu yake. Redio FM ya kwenye daladala wimbi lake lina kama mita 3, waifai ya 2.4 GHz ni sentimita 12 hivi na maikrowevu ya jikoni iko hapohapo ila yenyewe inasukuma wati mia kadhaa ndani ya boksi la chuma ndo maana wali unapata moto na ruta haikupikii kitu. Rimoti ya tv ni infraredi, mwanga ambao macho hayauoni, ibonyeze mbele ya kamera ya simu, nyingi zinaiona ikiwaka.

Sasa kuanzia urujuanimno (UV) kupanda juu kwa nguvu ndo pa kuwa makini. Ile ya jua inaleta kansa ya ngozi, ndugu zetu wenye ualbino inawatesa sana, kofia pana na losheni ya jua sio urembo jamani! Eksirei na gama zinang'oa elektroni kwenye atomu, simu haina nguvu hiyo. Ila mionzi hiyohiyo ikipimwa vizuri inaua seli za kansa, pale Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, wanatibu nayo. Mama mjamzito akiandikiwa eksirei aseme mapema kabla hajapigwa.