Maswali ya Wasomaji: Pomboo wa Saruji Anatoa Kutu

SWALI: Kikundi chetu kilijenga sanamu ya pomboo kwenye bustani ya ufukweni: mifupa ya nondo, wavu wa kuku, juu yake lipu. Haijatimiza miaka miwili, mapezi na mkia vimetoa madoa ya kutu na lipu inabanduka. Tumepaka rangi mara mbili, madoa yanarudi. Tufanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Rangi haitawasaidia. Chumvi imefika kwenye chuma; chuma kikishika kutu huvimba na kuisukuma lipu hadi ipasuke. Mapezi huanza kwa sababu mafundi hupenda ncha nyembamba: saruji inayofunika wavu hubaki milimita chache tu, na mara nyingi ncha za waya hazikukunjiwa ndani.

Kabla ya kununua chochote, ulizeni mchanga ulitoka wapi na maji yalitoka wapi. Ukiwa ni mchanga wa ufukweni, au maji ya kisima chenye chumvi, basi chumvi imo ndani ya lipu yenyewe. Hapo kiraka ni hasara, kwani kutu itahamia pembeni mwa kiraka. Vunjeni pezi zima, mjenge upya.

Kama mchanga ulikuwa wa mtoni, kiraka kinafaa. Gongeni kwa nyundo ndogo. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na wavu. Chongeni kwa tindo hadi nyuma ya nondo, upana wa kidole, mkiifuata mpaka mkute chuma kisafi. Kisugueni kwa brashi ya waya hadi king'ae, kisha osheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Lowesheni kingo, pakeni uji wa saruji, na lipu ifuate kabla uji haujakauka.

Lipu yenyewe: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga wa mtoni uliochekechwa ndoo tatu na nusu za lita 20, maji lita 20 hadi 22, yapungue mchanga ukiwa na unyevu. Fundi atalalamika kuwa ni nzito. Alalamike tu. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na chumvi hupita humo humo. Funikeni kwa magunia mabichi siku 7 kwa uchache, 14 ni bora. Jua la pwani likiikausha lipu mapema, hupasuka nyufa nyembamba sana.

Kwenye pezi jipya, nondo ifunikwe kwa milimita 40 au zaidi. Pezi likiwa jembamba mno kwa hilo, tumieni vyuma na wavu wa chuma cha pua (kisichoshika kutu kirahisi). Ni ghali, lakini pezi moja halihitaji vingi.

SWALI: Tukishindwa, tunaweza kumzamisha baharini awe makazi ya samaki?

JIBU: Huyo, hapana. Rangi itabanduka majini, na wavu ukioza utaacha waya za kunasa samaki na nyavu za wavuvi. Sanamu za mchongaji Mwingereza Jason deCaires Taylor zilizozamishwa Grenada, kisiwa cha Karibi, kuanzia 2006 zilitengenezwa makusudi kwa ajili ya bahari: saruji isiyo na ukali kwa viumbe, na uso wa kukwaruza ili matumbawe yashike. Isitoshe, kuzamisha kitu chochote kunahitaji kibali cha serikali, na mahali pasipo matumbawe hai wala njia ya vyombo.